Ameshaahidi tutaenda, mimi sikuulizwa

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimenuna, unisamehe barua ikiwa na makali. Mimi na mume wangu tunaishi nchi za kaskazini, huku ambako mwezi wa kumi miti inageuka rangi, majani yanapukutika na giza linaanza kuwahi. Wote wawili tunafanya kazi za kuamka alfajiri. Msimu huu kuna wikiendi ndefu, Jumamosi mpaka Jumatatu, na tangu kiangazi nilikuwa nimeiwekea nia: tulale tushibe usingizi, tutembee sisi wawili tu, simu tuzizime.

Juzi mume wangu akakata simu huku anatabasamu, akasema, "Nimeshawaahidi Mzee na Mama, tunakwenda kwao." Nimeshawaahidi! Na mimi nimekaa palepale kwenye kochi, pembeni yake.

Mzee na Mama si ndugu zake. Ni marafiki wa familia yao wa siku nyingi. Baba yake alipofariki, yeye akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kukaa kwao mpaka akamaliza shule. Ni watu wema, sina neno baya juu yao. Lakini wako mbali, mwendo wa saa saba kwa gari, na hapo ni kama hakuna foleni. Ratiba yake ni hii: Ijumaa tukitoka kazini, saa kumi na moja jioni, tunaingia barabarani, tufike saa sita usiku au baada ya hapo. Jumatatu tuondoke jioni "ili tuifaidi siku." Jumanne asubuhi natakiwa kazini, na yeye pia.

Safari iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Njiani alisinzia. Yeye anakataa, lakini mimi nilisikia matairi yakikanyaga vile vijituta vya pembeni mwa barabara, gari likanguruma, akashtuka na kurudisha usukani, eti alikuwa anaangalia kioo. Tulipofika, Mzee alikuwa amekaa sebuleni na koti lake anatusubiri. Asubuhi mume wangu akalala mpaka saa tano. Mimi saa moja niko jikoni na Mama, namenya, nakatakata, nasuuza masufuria, mpaka ngozi ya vidole imekunjamana. Yeye alipoamka alijiunga na Mzee sebuleni, wakazungumza habari za watu nisiowajua.

Jioni likaja lile swali: "Mjukuu mnatuletea lini?" Mume wangu akacheka, akainuka, akasema anakwenda kuangalia gari. Gari halikuwa na tatizo lolote. Nikabaki na swali mapajani, peke yangu, na Shangazi, hilo swali sisi linatuuma kwa sababu ambazo sitaki kuziandika hapa.

Kuendesha naweza, leseni ninayo, ila safari ndefu hanipi usukani kwa kuwa "nakanyaga breki sana." Kazi yangu ni kumsomea ramani kwenye simu, na tukipitiliza njia moja tu, ni ugomvi mpaka mji unaofuata.

Nimefikiria nijifanye mgonjwa siku ya Ijumaa. Au nimwambie aende mwenyewe? Naogopa ataona nimewakataa watu waliomlea. Nifanyeje?

Abiria

*

Marahaba, mwanangu.

Ugonjwa wa kuigiza uondoe kichwani leo. Mama wa aina hiyo ukimwambia unaumwa atapiga simu asubuhi, mchana na jioni kukujulia hali, na mumeo ataghairi safari akae na wewe ndani siku tatu na uso wa msibani. Wikiendi yako itakufa na yao itakufa, na Mama ataendelea kukuuliza kifua kinaendeleaje mpaka mwaka mpya.

Barua yako nimeisoma, kisha nikarudi pale ulipopita mbio: kwamba baba yake alipofariki alikwenda kukaa kwao. Hapo ndipo ugomvi wenu ulipolala. Wewe unakwenda ugenini kwa wazee wema. Yeye anarudi nyumbani. Ukitazama kwa jicho hilo, mengine yote yanajieleza. Hakukuomba ruhusa kwa sababu mtu haombi ruhusa kwenda kwao. Anataka kuondoka usiku kwa sababu mwenye hamu ya kwao hangoji kupambazuke. Akifika analala mpaka saa tano kama kijana aliyefunga shule, na Mama anamwacha alale, maana ndivyo alivyozoea kumlea. Wanauliza habari za mjukuu kwa sababu kwao yule ni mtoto wao. Katika nyumba ile kila mtu anajua yeye ni nani, isipokuwa wewe. Wewe si mgeni wa kukaribishwa kiti, na binti wa nyumba pia si wewe. Ni mkwe ambaye hakuna aliyemtangaza kuwa mkwe.

Sijasema hayo ili kumtetea. Kuahidi kwa niaba yako bila kukuuliza ni kosa, na lazima alisikie. Ila namna ya kulisema ndiyo itakayoamua kama mtaelewana au mtanuniana mpaka Jumanne. Ukianza na "watu wako wale" atasikia unawakataa waliompa kitanda alipofiwa, na hapo masikio yataziba. Anza na wao: "Najua wale ni wazazi wako, na nataka twende. Ila wikiendi hii ni yangu pia, na uliigawa yote bila kuniuliza. Tukae tuipange upya." Kisha nyamaza. Mwache ajitetee mpaka amalize. Wengi wetu tukishasema neno zuri tunalifuatisha na mengine kumi mabaya, la kwanza linapotea.

Sasa twende barabarani, maana hapo sina upole. Safari ya Ijumaa usiku haipo.

Mumeo anaamka alfajiri. Tuseme ni saa kumi na moja. Ikifika saa nne usiku atakuwa macho saa 17 mfululizo, na bado yuko njiani. Watafiti wa Australia walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka hadi kulingana na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho ukikutwa nacho kwenye usukani una kesi. Mumeo asingekubali kukuendesha akiwa amelewa, lakini anakuendesha akiwa na kichwa kilekile kwa sababu hakinuki pombe. Na vile vijituta ulivyovisikia viliwekwa pale kwa ajili ya madereva wanaosinzia, havikuwekwa kwa ajili ya wanaoangalia kioo. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, dereva akifumba macho sekunde tatu, limekwenda zaidi ya mita 80 bila mtu.

Atakwambia atafungua dirisha, atapandisha redio. Havisaidii. Kahawa inasaidia kidogo, tena baada ya nusu saa hivi, ndiyo maana wanaojua wanakunywa kikombe, wanaegesha mahali salama na kulala dakika 15 au 20, wakiamka kahawa imeshafika kazini. Hiyo ni dawa ya kukusogeza mpaka mahali pa kulala, haikutengenezwa kwa saa saba.

Halafu ni msimu gani huo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndipo kulungu wa nchi hizo wanapokuwa kwenye kupandana, madume yanakimbiza majike bila kuangalia barabara, na saa zao kubwa ni machweo na alfajiri. Akikatiza mmoja tegemea wa pili nyuma yake. Breki zikanyagwe gari likiwa limenyooka. Anayekwepa kwa kukata usukani ndiye anayeishia kwenye mti au kwenye gari la mbele yake. (Kwa hiyo hiyo miguu yako inayopenda breki ina siku yake.) Majani yaliyolowa yanateleza, na yanafunika mistari na mashimo. Kama wikiendi yenu inaangukia kwenye kubadili saa, ambako Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, basi Jumapili hiyo giza litaingia saa nzima kabla ya mlivyozoea. Giza hilo lipigieni hesabu.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii, muipunguze au muongeze wenyewe. Ijumaa mnalala kwenu, mabegi yakiwa mlangoni. Jumamosi mnaondoka kukishapambazuka vizuri. Mnapumzika robo saa kila baada ya saa mbili, mnatoka nje ya gari, mnanyoosha miguu, na mnafika alasiri kukiwa na mwanga. Mnalala kwao Jumamosi. Jumapili baada ya chakula cha mchana mnaaga, mnaendesha nusu ya njia, mnalala mahali mlipopanga mapema, nyinyi wawili tu. Hiyo ndiyo wikiendi uliyoisubiri tangu kiangazi, imefupishwa lakini ipo, na hakuna anayejua mko wapi. Jumatatu mnamalizia kipande kilichobaki asubuhi, kabla wote waliosafiri hawajageuka kurudi kwa pamoja, na mchana mko kwenu mnafua nguo.

Mumeo atasema usiku mmoja kwa wazee ni mchache. Mwulize ni saa ngapi alizokaa nao safari ile akiwa macho. Tena amfikirie yule Mzee. Mwenyeji wa umri ule hawezi kulala mgeni akiwa njiani. Ulimkuta na koti sebuleni; alikuwa anahesabu taa za magari dirishani, na kesho yake alikuwa mchovu kuliko nyinyi. Mkifika mchana mnamkuta na nguvu zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulipewa siku ya kwanza saa moja asubuhi, na mwana wa nyumba amelala! Sikuambii usimsaidie Mama. Kaa naye jikoni ukipenda, na nadhani huko ndiko mtakakojuana. Lakini kama yule ni mtoto wa pale, basi afanye kazi za mtoto wa pale. Msimu huu kwenye nyumba ya wazee kazi hazikosi: uani kumejaa majani ya kuzoa kwa reki, mifereji ya paa imeziba na mvua za baridi zinakuja, na ngazi si kitu cha kumwachia Mzee apande. Apande yeye, wewe au Mzee mshike ngazi chini. Akishuka, vyombo vya chakula cha jioni ni vyake. Mwambie hilo mkiwa bado nyumbani, tena kwa utani kidogo, msije mkavutana mikono mbele ya sinki la watu. Ninaamini hata Mzee atafurahi zaidi kuwa naye uani kuliko kwenye makochi. Wanaume wengi huzungumza vizuri wakiwa wameshika kitu.

Lile swali la mjukuu sasa. Hujaandika sababu na sitakuuliza. Ninachokwambia ni kwamba jibu ni lake. Wale ni watu wake, yeye ndiye mwenye ulimi unaoweza kuwafunga bila kuwaumiza. Kubalianeni sentensi moja, fupi, aiseme yeye, na akishaisema asiinuke. Kitu kama: "Mama, hilo tumelisikia, na siku tukiwa na habari nyinyi ndio mtakuwa wa kwanza. Kwa sasa tusaidieni kwa dua, tusiliongelee." Halafu aingize habari nyingine palepale, hata ya mifereji. Kama anaona aibu kulisema mbele za watu, ampigie Mama simu siku mbili tatu kabla na amwambie faragha, na nina hakika kubwa kwamba mama aliyelea mtoto wa mwenzake ataelewa bila maelezo marefu. Kulikimbilia gari lisiloumwa ni kukuacha uwanjani peke yako, na hilo mwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Nadhani hajui. Nadhani anakimbia kwa sababu na yeye linamuuma.

Wewe mwenyewe nina kazi moja nataka uifanye, wala usimwachie. Mpigie Mama simu. Katika barua yako yote mawasiliano yanapita kwa mumeo, ndiyo maana unafika pale kama mzigo uliofungwa pamoja na mabegi. Piga, mwamkie, mwambie: "Mama, tunakuja Jumamosi alasiri, tunaondoka Jumapili baada ya chakula. Usiku hatuji tena, mara ile tulimkesheza Mzee bure. Nisaidie, mna kitu chochote tubebe?" Ukishasema wewe ratiba, imekuwa ratiba. Mumeo hawezi kuirudisha Ijumaa usiku bila kumpigia Mama kumweleza kwa nini. Lakini tafadhali, piga baada ya kukubaliana naye. Ukipiga kabla utakuwa umefanya kilekile alichokufanyia.

Kuhusu usukani, chukua kipande cha kwanza cha asubuhi. Mwanga upo, barabara haijajaa, na yeye amekaa akiwa hana usingizi wala sababu ya kulalamika. Kama ana maoni juu ya breki zako ayahifadhi mpaka mtakaposimama. Na zamu yake ikifika, ramani ipakueni kwenye simu kabla ya kuondoka, muiwashe sauti, simu ikae kwenye kishikio. Mkipitiliza njia, mnaendelea mbele mpaka pa kugeukia, hakuna anayeulizwa kosa ni la nani. Kesi ya njia mkaisikilize mkifika, kama bado mtaikumbuka.

Gari lenyewe lipeni dakika chache Ijumaa. Pimeni upepo wa matairi gari likiwa halijatembea, kwa sababu baridi inaupunguza: joto likishuka nyuzi tano au sita za Selsiasi, tairi linapoteza karibu pauni moja ya upepo, ile ambayo kipimo huiandika psi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maji ya waipa yawe yale yasiyoganda, na kioo cha mbele kifutwe hata upande wa ndani, kwa sababu jua la msimu huo linakaa chini, linapiga machoni moja kwa moja, na kioo chenye ukungu wa vidole kinageuka pazia. Mkisimama kupumzika msiegeshe juu ya rundo la majani makavu. Chini ya gari lililotoka kwenye mwendo kuna joto la kutosha kuyawasha.

Kuhusu aende mwenyewe: hilo libaki mkononi, na ninalitaja mwisho kwa makusudi. Kama baada ya kuzungumza bado anang'ang'ania kuendesha usiku, una haki kamili ya kutoingia kwenye gari hilo. Mwambie sasa, wiki hii, msije mkagombana Ijumaa jioni ameshika funguo na injini inanguruma. Na akikataa hata hilo, niandikieni tena, ila barua hiyo aiandike yeye. Nina maswali machache ya kumuuliza.

Shangazi